Ubao wa Dama na Cherehani ya Bibi

Kengele ya mwisho ilipolia, Pini na Kifungo hawakwenda kwao moja kwa moja kama wanafunzi wengine. Walikata kona penye duka la mafuta ya taa, wakapita kwenye uchochoro uliojaa kamba za kuanikia nguo, wakaingia katika chumba cha mbele cha nyumba ya bibi yao. Hata kabla hawajafika mlangoni walikuwa wameshaisikia cherehani. Ilikwenda mbio, ikanyamaza kidogo Bibi alipogeuza kitambaa, kisha ikaendelea. Wakiisikia hivyo, walijua mambo ni shwari.

"Shikamoo, Bibi!"

"Marahaba. Mmefuta miguu, au mmeniletea barabara nzima humu ndani?"

Walirudi mlangoni wakafuta miguu. Kila siku waliulizwa swali hilo, na kila siku ilibidi warudi.

Shuleni walikuwa na majina yao mengine, lakini katika chumba kile hakuna aliyeyatumia. Bibi alikuwa fundi wa kushona nguo, naye aliwabatiza kwa vitu vya kazi yake. Mjukuu wa kike alimwita Pini, kwa sababu alikuwa mwembamba na maneno yake yalichoma. Mjukuu wa kiume alimwita Kifungo, kwa ajili ya uso wake wa mviringo na vijicho vyake viwili vilivyokaa karibu karibu. Mama zao walikuwa mtu na dada yake, kwa hiyo watoto hao waliitana dada na kaka, na waligombana hivyo hivyo.

Pini alikuwa na kazi ya kupitisha sumaku sakafuni ili kuokota pini na sindano zilizoanguka. Kifungo alipanga vifungo kwenye makopo kwa rangi na ukubwa, na kila baada ya siku chache aliitia mafuta cherehani. Ilikuwa cherehani ya miguu, nyeusi, yenye maua ya rangi ya dhahabu yaliyokuwa yamefutika mahali Bibi alipozoea kuweka mkono. Chumba kilinuka kitambaa kipya, chaki na pasi ya mkaa. Hadi leo Pini akikutana na harufu ya pasi ya moto mahali popote, husimama kidogo.

Kazi ikiisha, Bibi alisogeza vitambaa upande mmoja wa meza ya kukatia, akasema, "Haya, leteni uwanja wa vita."

Uwanja wa vita ulikuwa ubao wa dama. Bibi aliutengeneza mwenyewe kwa kifuniko cha sanduku la mbao, akachora vyumba vyake kwa rula na wino. Kete zake zilikuwa vifungo vya makoti, vyeupe kwa mmoja na vyeusi kwa mwingine. Kifungo kimoja cheupe kilipotea zamani, na mahali pake pakawekwa subana, ile kofia ndogo ya chuma ambayo fundi huivaa kidoleni isimchome sindano. Kifungo aliipenda mno ile subana. Hakukubali kucheza upande mweusi hata kwa kubembelezwa.

Dama ya nyumba ile ilikuwa na sheria yake. Kwingineko, mchezaji akiona kete ya kula ni lazima aile. Kwa Bibi haikuwa lazima. Ila ukiacha kula kete iliyokaa wazi mbele yako, mwenzako aliruhusiwa kukuuliza, "Unataka nini?" Na ukiulizwa hivyo ilikubidi useme kweli, hata kama kusema kweli kungekupotezea mchezo.

"Bibi, sheria gani hii?" Pini alilalamika siku ya kwanza. "Nani anamwambia adui yake anachotaka?"

"Mtu akiacha chakula na sahani iko mbele yake, basi kuna kitu kingine anachokitaka zaidi," Bibi alijibu. "Nataka mjifunze kukiona. Mkishindwa kukiona, muulizane. Haya, cheza, usinipotezee muda."

Mwenyewe Bibi alikuwa hodari wa kuona. Mteja alikuja akasema, "Fundi, kitambaa chochote tu, mimi sichagui." Bibi hakubishana naye. Alitandaza vitambaa mezani, akajifanya anatafuta mkasi, kumbe anautazama mkono wa mteja. Mkono ungepita kwenye kijani, ungepita kwenye bluu, kisha ungerudi tena na tena kwenye kile chekundu. "Nadhani chekundu kitakupendeza," Bibi angesema mwishowe, na mteja angeshangaa, "Umejuaje?"

Pini aliyatazama hayo yote akayahifadhi. Lakini yeye akajifunza pia jambo ambalo Bibi hakumfundisha. Ikiwa watu husoma mikono na macho, alifikiri, basi mimi nitawaonyesha mikono na macho ya uongo. Katika dama akawa anakodolea macho kona ya kulia, anaguna, anajikuna kichwa, huku anawinda kona ya kushoto. Kifungo aliingia mtegoni kila mara. Alikimbilia kuziba kona ya kulia, na Pini akamla kete zake kushoto. Basi Pini akajiaminisha kwamba amemjua kaka yake ndani na nje. Huyu, alijiambia, nikionyesha ninataka kitu, atakwenda kukichukua yeye.

Miaka ikaenda hivyo, myepesi na mitamu, na hakuna kati yao aliyedhani kwamba ina mwisho.

Macho ya Bibi ndiyo yaliyoanza kuchoka. Kwanza alimwomba Pini amtungie uzi kwenye sindano. Kisha mteja mmoja alirudisha gauni lenye mkono mmoja wa bluu na mmoja mweusi. Bibi alicheka na mteja, wakaelewana, lakini mteja alipoondoka alikaa akishika tama, na jioni ile cherehani haikulia. Baadaye daktari akasema macho yake yanahitaji kuangaliwa mara kwa mara. Mjomba wao alikuwa anaishi mji wa mbali, karibu na hospitali ya macho. Ikaamuliwa kwamba Bibi ahamie huko, na chumba kirudishwe kwa mwenye nyumba.

Vitu vya Bibi vikaanza kugawanywa. Kabati lilichukuliwa na jirani, viti vikaenda kwa ndugu, pasi ikaenda kwa fundi mwenzake wa mtaa wa pili. Viwili tu Bibi hakutaka viguswe. Aliwaita wajukuu wake, akawaketisha juu ya meza ya kukatia.

"Cherehani na ubao wa dama ni vya kwenu," alisema. "Kila mtu kimoja. Jumamosi, siku ninayoondoka, mtachagua. Nani aanze, tutapiga bahati. Nina ombi moja tu: msinigombanie."

Pini aliitaka cherehani ile kuliko kitu chochote duniani. Alikuwa ameshajua kushona mstari ulionyooka, pindo na mfuko. Kwao kulikuwa na nafasi chini ya dirisha, yenye mwanga mzuri asubuhi, na usiku alipofumba macho aliiona cherehani imekaa pale. Tena aliona kwamba sauti ile ikinyamaza moja kwa moja, Bibi naye atakuwa ameondoka moja kwa moja. Kuhusu hilo hakumwambia mtu.

Angeweza kusema. Angegeuka tu pale pale mezani na kumwambia Kifungo, "Kaka, mimi naiomba cherehani." Lakini kesho yake alimkuta Kifungo amepiga magoti chini ya cherehani, ana kikopo cha mafuta na kitambaa. Alikuwa ameilegeza mikanda, anasafisha kila gurudumu, anaifuta mpaka miguuni. Hakuwahi kuisafisha namna ile.

"Kumbe na yeye anaitaka," Pini alijiambia. "Tazama anavyoishughulikia!"

Basi akakata shauri kumchezea dama. Siku zilizobaki hakuigusa cherehani, hata kuitazama aliitazama kwa wizi. Badala yake alishinda na ubao wa dama. Aliufuta, akaupakata, akavihesabu vifungo kwa sauti, akasema, "Jamani, ubao huu! Sijui nitaishije bila ubao huu." Siku moja Kifungo alimkuta amelala kwenye mkeka, kichwa kakiweka juu yake. Ubao ulimuumiza sikio, lakini alivumilia. Kifungo alimtazama muda mrefu. Pini akacheka kimoyomoyo. Ameingia mtegoni, alifikiri. Sasa atautaka yeye, na cherehani itabaki kwangu.

Jumamosi ikafika. Chumba kilikuwa kitupu, sauti zao zikagonga kuta na kuwarudia. Palibaki cherehani, ubao, meza ya kukatia na kigoda alichokalia Bibi. Vumbi la chaki lilikuwa bado sakafuni pale palipokuwa na kabati.

Bibi alificha kifungo katika kiganja kimoja, akanyoosha ngumi zote mbili. "Kipo wapi?"

Kifungo aligusa ngumi ya kulia. Ikafunguka, na kifungo kilikuwemo.

"Basi wewe ndiye wa kwanza, mjukuu wangu. Chagua."

Pini aliubana ubao kifuani kama mtu anayeogopa kunyang'anywa. Kifungo alimwangalia, kisha akamtabasamia.

"Nachukua cherehani," alisema.

Pini aliona giza. Alitaka kupiga kelele, lakini angesema nini? Wiki nzima yeye mwenyewe ameimba ubao, ubao, ubao, na sasa ubao ulikuwa wake. Lile tabasamu la Kifungo lilimchoma zaidi ya yote. Alidhani anachekwa. "Ameniona," alijiambia. "Ameusoma mchezo wangu tangu mwanzo, na sasa ananicheka mchana kweupe."

"Vizuri," Bibi alisema polepole, akageuza uso kuelekea kwa mmoja, halafu kwa mwingine. "Mmeridhika wote?"

"Ndiyo, Bibi," walijibu kwa pamoja.

Bibi alikaa kidogo, kana kwamba anangoja. Kisha akainuka akipapasa ukuta, akaenda chumba cha nyuma kufunga mizigo yake.

Muda si muda mama mkubwa, yaani mama yake Kifungo, akaingia. Alikuwa mwanamke mwenye haraka na sauti ya kuamsha mtaa. Nyuma yake alifuata mzee wa mkokoteni, mnunuzi wa vitu vilivyotumika, aliyeitwa kuja kuchukua mabaki.

"Umechagua nini, baba?" mama mkubwa alimuuliza mwanawe.

"Cherehani, mama."

"Cherehani! Utaiweka wapi, kichwani? Chumba chetu hata paka akijinyoosha anagonga ukuta!" Aliizunguka cherehani, akaipima kwa mikono, akatikisa kichwa. "Haiingii. Hata tukilala wima haiingii. Afadhali aichukue huyu mzee, nawe upate sare na viatu vya shule. Hivyo ulivyovaa vinacheka mpaka meno yote yanaonekana."

Pini aligeuka kumtazama Kifungo. Sasa atalia, alifikiri. Sasa atamng'ang'ania mama yake.

"Sawa, mama," Kifungo alisema.

Mzee wa mkokoteni na kijana wake waliinua cherehani, wakaipitisha mlangoni kwa shida, wakaifunga kamba. Mama mkubwa akatoka kusimamia kazi, akiwaonya wasikwaruze ukuta wa watu. Kifungo hakutoka hata kuiangalia. Alikuwa amechuchumaa mbele ya Pini, anamfungia vifungo vya dama katika kimfuko cha kitambaa.

"Ubao usiubebe kwa kona hii," alimwambia. "Imeanza kupasuka. Ubebe hivi. Na subana iweke juu, isikwaruze vifungo." Aliitoa subana mfukoni, akaifuta kwenye shati lake, akairudisha. Akaitoa tena. Akaivaa kidoleni kidogo, akaivua, akairudisha.

Pini aliutazama ule mkono. Ulikwenda, ukarudi. Ulikwenda tena, ukarudi tena, kama mkono wa mteja aliyesema hachagui. Na hapo ndipo akili yake ilipoanza kufunguka, taratibu na kwa maumivu. Mtu anayetaka cherehani haiachi iende hivyo. Kama hakuitaka, kwa nini aliichagua? Na kama alitaka ubao, kwa nini aliuacha, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuchagua?

Nje, magurudumu ya mkokoteni yalianza kulia kwenye changarawe.

Pini alijua afanye nini, na aliona aibu mpaka masikio yakamchemka. Kuuliza maana yake ni kuulizwa. Angelazimika kusema alichofanya wiki nzima. Lakini sauti ya magurudumu ilikuwa inakwenda mbali, na cherehani ikishafika sokoni hakuna atakayeiona tena. Akapiga moyo konde.

"Kifungo, umeacha kula."

"Kula nini?"

"Cherehani ilikuwa mbele yako, ukaiacha iende hata bila kubisha. Umeacha kula. Unataka nini?"

Kifungo aliinua uso. Hapakuwa na mchezo, hapakuwa na kete mezani, lakini swali lile lilikuwa na sheria yake, na wote wawili walikulia ndani ya sheria hiyo.

"Nilitaka ubao," alisema kwa sauti ndogo.

"Sasa mbona umechagua cherehani?"

"Kwa sababu wewe unautaka ubao. Wiki nzima unaukumbatia, mpaka unalala juu yake. Ningeuchukua mimi ungelia, na Bibi amesema tusimgombanie."

"Na yale mafuta? Mbona uliisafisha cherehani vile?"

"Mwanzoni nilidhani utachagua cherehani," Kifungo alisema. "Kila siku nakuona unavyoitazama. Nikasema niisafishe vizuri isikusumbue ukifika nayo kwenu. Halafu nikaona unashinda na ubao, nikajua nimekosea."

Pini alitaka ardhi ipasuke immeze. Mtu huyu alikuwa amepiga magoti sakafuni akimtengenezea yeye cherehani, na yeye kwa kuiona kazi hiyo hiyo akamfanya mshindani.

"Hukukosea," alisema, na machozi yakamtoka. "Hukukosea hata kidogo. Nilikuwa nakuchezea. Ubao nilijifanya tu."

Kifungo naye, polepole, akauliza, "Kwa hiyo wewe unataka nini?"

"Cherehani!"

"Si ungesema!"

"Ndiyo nasema sasa!"

Kufumba na kufumbua walikuwa nje, wanakimbia uchochoroni, wanapita chini ya kamba za nguo, shuka la watu likamvaa Pini kichwani akalitupa bila kusimama. Mkokoteni ulikuwa umefika penye duka la mafuta ya taa. "Mzee! Mzee, simama!" Mama mkubwa, aliyekuwa akitembea nyuma ya mkokoteni, aligeuka akishika kiuno.

"Kuna moto?"

Walieleza wakipokezana, wanakatizana, wanahema. Mama mkubwa alisikiliza huku uso wake ukibadilika kila baada ya neno.

"Haya," alisema mwishowe. "Wewe ulitaka hiki ukajifanya unataka kile. Na wewe ulitaka kile ukachukua hiki. Mungu wangu, mmenichosha hata kuwasikiliza. Na sare ya huyu je? Na viatu?"

Pini alifuta machozi. "Sare nitamshonea mimi, mama mkubwa. Suruali na shati. Kwa cherehani ile ile."

"Wewe? Si utamshonea suruali yenye miguu mitatu!"

"Nitaivaa," Kifungo akadakia. "Na viatu hivi vinafaa bado, mama. Vikicheka na mimi nitacheka."

Mama mkubwa alitaka kukasirika, lakini kicheko kilimshinda nguvu. Mzee wa mkokoteni naye akacheka, ingawa alilalamika kwamba watu wa mtaa huu hawana huruma na mgongo wake. Alikubali kurudisha cherehani na kuchukua meza ya kukatia badala yake. "Lakini hiyo meza," alionya, "kama kuna mtu anaipenda kwa siri, aseme sasa hivi."

Bibi alikuwa amesimama mlangoni, mkono umeshika fremu. Aliisikia cherehani ikirudi kabla hajaelezwa. Walipomwambia yote, Pini bila kuficha chochote, aliketi kwenye kigoda, akawavuta wote wawili karibu.

"Nilingoja mseme," alisema. "Niliwauliza mmeridhika, mkaniitikia ndiyo, ndiyo, kama kasuku. Zamani nisingewauliza. Ningeitazama mikono yenu nikajua. Sasa macho yangu hayaoni tena mikono ya mtu, wajukuu wangu. Nategemea midomo yenu, na midomo yenu ilikuwa inacheza dama."

Pini aliinamisha kichwa. "Ni mimi, Bibi. Nilidhani ninamjua."

"Ulikuwa unajua anavyocheza. Kwenye dama kweli atakimbilia unachokitaka, kwa sababu pale kila mtu anataka kushinda. Ukasahau kuuliza kama leo anacheza mchezo gani. Mwenzako hakutaka kushinda, alitaka wewe ufurahi. Ukikosea hapo, hata uwe na macho makali namna gani, kila unachokiona kitakudanganya. Utaona mafuta ya cherehani, utadhani ni vita." Akamgeukia Kifungo. "Na wewe, mpole wangu, usidhani umepona. Ulimtendea wema kwa kubahatisha. Wema wa kubahatisha ulikaribia kuipeleka cherehani yangu sokoni. Neno moja tu, 'dada, unataka kipi kweli?' lingetosha."

"Ndiyo, Bibi."

"Nimewafundisha kusomana, na sijutii. Mtu asiyemwangalia mwenzake atamkanyaga. Lakini mtu wa kwenu, mtu unayempenda, usimfiche unachotaka halafu umlaumu kwa kutokijua. Semeni kweli, tena mapema, kabla mkokoteni haujaondoka."

Jioni ile mama yake Pini alikuja kumsindikiza Bibi kituo cha basi. Kabla ya kuondoka, Bibi aliomba aisikie cherehani. Pini alikaa, akatia kipande cha kitambaa kilichookotwa sakafuni, akakanyaga. Sauti ikakijaza chumba kile kitupu. Bibi alisikiliza akiwa amefumba macho. "Umeitia mafuta vizuri," alimwambia Kifungo, kisha akafunga kitambaa chake kichwani wakatoka.

Suruali ile ilishonwa. Miguu ilikuwa miwili, ingawa mmoja ulizidi mwingine kidogo, na Kifungo aliivaa mpaka ikamfika kwenye magoti. Bibi aliishi kwa mjomba miaka mingine mizuri, akiwatumia salamu na kuulizia kama cherehani inalia. Kisha akaondoka duniani, na hakukuwa tena na wa kuwauliza kama wamefuta miguu.

Sasa Pini ni fundi mwenye chumba chake cha kazi, na cherehani nyeusi imekaa chini ya dirisha. Maua yake yamezidi kufutika, safari hii kwa mkono wa Pini. Kifungo anafundisha hesabu, kichwa kimeanza kuota mvi. Siku akipata nafasi huja na ubao chini ya kwapa, ameubeba kwa ile kona nzima. Hufuta miguu mlangoni bila kuambiwa. Pini husogeza vitambaa upande mmoja, na vita huanza.

Juzi walicheza mpaka mwanga wa dirishani ukaanza kupungua. Kete tatu nyeusi za Pini zilikuwa zimekaa wazi, mchezo ulikuwa mkononi mwa Kifungo. Yeye akaigusa subana, akaiacha. Akasogeza kete nyingine isiyo na maana yoyote.

Pini alimtazama juu ya miwani. "Umeacha kula, kaka. Unataka nini?"

Kifungo alikuna kidevu. Sheria ni sheria.

"Nataka mchezo usiishe upesi," alisema.

Pini aliinuka akawasha taa, akarudi akakaa, akacheza kete yake taratibu kabisa.